Mlango wa Wodi Ukifungwa

Somo la vikundi vya nyumbani. Soma kwanza: Hesabu 12:9-16, Marko 5:35-43, Yohana 4:46-53.



Mtu akifa, jamaa zake husema, "Tumefiwa." Mtu akiugua, jamaa zake husema, "Tumeuguliwa." Mfanyakazi akienda kwa mkubwa wake kuomba ruhusa husema, "Nimeuguliwa na mama," na mkubwa huelewa mara moja kwamba huyu aliyesimama mbele yake, ingawa ni mzima wa mwili, naye ameguswa na ugonjwa ule. Kisha lugha yetu ina neno jingine: kuuguza. Anayeuguza si yule anayepita kitandani mara moja, akaacha matunda, akasali, akaaga. Huyo twasema amekwenda kumjulia hali mgonjwa. Anayeuguza hukesha naye, humgeuza, humlisha, hufua nguo zake. Hata mwuguzi wa hospitali, yule tumwitaye nesi, jina lake limetoka katika neno hilo hilo.

Twawaomba wasomaji waishike tofauti hiyo ya kuuguza na kujulia hali, maana tutairudia mara nyingi katika somo hili.

Kila aliyewahi kulaza ndugu katika hospitali zetu anajua jinsi kazi zinavyogawanywa bila mkataba wowote kuandikwa. Daktari hupima na kuandika dawa. Nesi huchoma sindano, hutundika dripu, husafisha vidonda. Mengine mengi ni ya jamaa: uji wa asubuhi, mtori wa mchana, maji ya kuoga, khanga safi, kwenda dukani kununua dawa iliyokosekana, kumwita nesi usiku dripu inapokwisha. Nesi aliye peke yake katika wodi iliyojaa hawezi kumlisha kila mgonjwa kijiko kwa kijiko, hata akiwa na huruma ya malaika. Mwenye mtu hulishwa na mtu wake. Asiye na mtu hungoja, na mara nyingi ni mama wa kitanda cha jirani anayemkumbuka na kumgawia.

Ugonjwa wa korona ulipoingia Tanzania, uliingia kwa mlango wa kwetu. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya wa wakati ule, Mheshimiwa Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza: Mtanzania aliyetua uwanja wa ndege wa KIA siku moja kabla akitokea Ubelgiji, naye akalazwa Hospitali ya Mount Meru, hapa hapa mjini. Kesho yake ikatangazwa kwamba shule zifungwe. Nchini Kenya, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ameagiza tangu tarehe 15 Machi kwamba wanaokwenda kuwaona wagonjwa wapunguzwe katika hospitali zote, za serikali na za watu binafsi. Kwetu makanisa hayakufungwa, lakini langoni mwa hospitali mambo yalibadilika. Zikaja ndoo za maji na sabuni. Jamaa waliozoea kuingia watano au sita kwa mara moja wakaambiwa wapunguze, na penye wodi za waliotengwa asiingie mtu. Kikapu kiliingia, mwenye kikapu akabaki nje na mfuniko wa hotipoti mkononi.

Wako waliosimama langoni hivyo, wasimwone tena mtu wao akiwa hai. Basi kuna nyumba ambazo hata leo mtu anajiuliza usiku: "Je, nilimwacha?" Somo hili limeandikwa kwanza kwa ajili ya huyo. Pili limeandikwa kwa ajili yetu sote, kwa kuwa mlango wa wodi utafungwa tena siku nyingine. Tutaona mbele kwamba katika nchi yetu umekwisha kufungwa mara mbili tangu hapo.

SIKU SABA NJE YA KAMBI

Fungueni Hesabu sura ya 12. Miriamu, dada yao Musa na Haruni, ameshikwa na ukoma. Musa anamlilia Mungu amponye. Jibu ni kwamba Miriamu afungiwe nje ya kambi siku saba, ndipo arudishwe. Wengi wetu tumesoma habari hii tukaangalia kosa la Miriamu na adhabu yake tu. Lakini soma mstari wa 15 polepole. Taifa zima, na mahema yake na mifugo yake na watoto wake, halikuondoka mahali pale mpaka Miriamu aliporudishwa. Hawa walikuwa watu wa safari. Kila siku ya kukaa bure jangwani ilikuwa na gharama yake ya maji na malisho. Walakini walikaa.

Mambo mawili yako pamoja katika mstari huo. Sheria ya kumtenga ilishikwa, wala Musa, pamoja na ukubwa wake wote, hakumtafutia dada yake njia ya kurudi siku ya tatu. Pia safari ilisimama kwa ajili yake. Aliye nje alijua kwamba walio ndani wanamngoja, na kwamba hawataondoka bila yeye. Kutengwa kwa namna hiyo ni mbali sana na kuachwa.

Hapa yafaa tuseme neno moja kwa haraka ili mtu asikosee. Ugonjwa wa Miriamu katika habari hiyo ulikuwa adhabu. Haifuati kwamba kila mgonjwa ameadhibiwa. Bwana wetu alikataa fikira hiyo waziwazi mbele ya kipofu, katika Yohana 9:3. Mwaka 2020 na 2021 maneno ya namna hiyo yalisikika mitaani, kwamba fulani kaupata kwa sababu ya hili au lile. Mkristo asiyaseme.

JE, ILIKUWA HAKI KUFUNGA?

Wako watakaojibu kwamba haikuwa haki kabisa, kwa sababu mapenzi hayana mpaka. Jibu hilo ni jema moyoni, lakini halitoshi, na ushahidi wa kutosheleza tunao kwa jirani zetu wa Kongo.

Mwaka 1995 ugonjwa wa Ebola ulizuka katika mji wa Kikwit. Waliougua walikuwa 315, na zaidi ya wanane katika kila kumi walikufa. Baadaye wataalamu walizitembelea nyumba za wagonjwa wakauliza habari za kila mtu aliyeishi humo. Walipata jamaa 173. Kati yao 28 walikuwa wameambukizwa, na wote 28 walikuwa wamemgusa mgonjwa. Watu 78 waliokaa nyumba moja na mgonjwa wasimguse wakati wa ugonjwa wake, hakuna hata mmoja aliyeugua. Hesabu hii ni chungu kwa sababu ugonjwa uliwafuata hasa wale waliopenda kwa mikono: aliyefuta matapishi, aliyeshika kichwa, aliyefua shuka.

Korona si kama Ebola. Huenda kwa pumzi, hivyo hata asiyegusa, bali ameketi tu karibu na kitanda akizungumza, aweza kuupata au kuuleta. Katika wodi ambamo kitanda na kitanda hutenganishwa na kimeza kidogo tu, watu watano wanaomzunguka mgonjwa mmoja ni hatari kwa wagonjwa wanne wengine ambao hawakuwaalika. Kwa hiyo kuzuia ilikuwa haki. Swali la kweli ni jingine: azuiwe nani, na anayebaki nje afanye nini?

WAZEE WA KIACHOLI

Watu wengi hudhani kwamba kutenga wagonjwa ni desturi iliyoletwa na wazungu, na kwamba desturi za Kiafrika ni kukusanyika tu. Kaskazini mwa Uganda habari ni tofauti. Ebola ilipozuka Gulu mwaka 2000, waliugua watu 425 wakafa 224. Mmoja wa waliokufa ni Dk. Matthew Lukwiya, mganga mkuu wa Hospitali ya Mtakatifu Maria ya Lacor, aliyeugua kwa sababu hakuwakimbia wagonjwa wake. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Mwaka 2003 Barry Hewlett na Richard Amola walichapisha utafiti juu ya namna Waacholi walivyoupokea ugonjwa huo. Waligundua kwamba wazee walikuwa na kanuni zao za zamani za wakati wa tauni, ambayo wao huiita gemo.

Kanuni hizo zafaa kusomwa na kila kamati ya afya. Mgonjwa huwekwa katika nyumba yake mbali na nyumba nyingine, kiasi cha mita mia moja, wala hapokei wageni. Mlangoni husimamishwa matete mawili marefu, huku na huku, ili mpita njia ajue. Watu hupunguza safari, ngoma husimama, chakula cha watu wa nje hakiliwi. Nyumbani watu husema kwa upole, wasigombane. Aliyepona hukaa mwezi mzima kabla ya kuchanganyika na wenzake. Na nani humlisha mgonjwa? Mtu aliyewahi kuugua gemo akapona. Akikosekana, hupewa mzee, mwanamume au mwanamke.

Tazameni busara ya jambo hili. Wazee wale walimfungia mlango anayekuja kujulia hali, lakini hawakumfungia anayeuguza. Walichagua mmoja, tena walimchagua kwa akili: yule ambaye ugonjwa hauna nguvu juu yake tena, au yule ambaye hana watoto wadogo wa kuacha nyuma. Hakuna mgonjwa aliyekaa bila mtu.

Hospitali za kisasa zilichukua muda kujifunza hivyo. Huko Gulu, na baadaye Kongo, jamaa walipoona mgonjwa anaingizwa nyuma ya uzio, kisha wakaletewa habari ya kifo bila kuona mwili, uvumi ulienea kwamba watu wanauawa ili viungo vyao viuzwe. Wengine wakaanza kuwaficha wagonjwa majumbani, na ugonjwa ukaongezeka. Mlango uliofungwa bila neno lolote kupita ulizaa hatari ile ile uliokusudiwa kuizuia.

Ndipo mwaka 2018, Ebola ilipozuka Beni, mashariki ya Kongo, shirika la ALIMA lilitumia vyumba vyenye kuta za plastiki angavu. Mgonjwa alilala ndani, na mkewe au mwanawe aliketi nje akamwona uso na kuzungumza naye, pasipo nguo zile za kutisha za kujikinga. Katika mlipuko huo huo, Beni na Butembo, watu waliopona Ebola waliajiriwa kuwabeba na kuwalisha watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa au wamekufa. Waliopona waliweza kuwashika watoto ambao wengine hawakuthubutu kuwakaribia. Mzee wa Kiacholi angecheka kidogo akiona jambo hilo likisifiwa kama uvumbuzi mpya.

BWANA ALIWATOA WATU, AKAWAACHA WAZAZI

Sasa soma Marko 5:37-40. Katika nyumba ya Yairo kuna kelele, watu wanalia na kuomboleza. Bwana Yesu anawatoa wote nje. Alikuwa amekwisha kuwazuia hata wanafunzi wake, isipokuwa Petro, Yakobo na Yohana. Tisa walibaki njiani, na tuna hakika walikuwa na hamu ya kuingia kama sisi. Lakini aliingia pamoja na baba na mama wa mtoto.

Hatusemi kwamba Bwana alikuwa akitoa kanuni za hospitali. Twasema kwamba kuwapunguza watu chumbani mwa mgonjwa si kukosa imani, kwa maana yeye mwenyewe alifanya hivyo, na pia kwamba alipopunguza hakuwahesabu wazazi miongoni mwa wageni. Tena mwishoni, mstari wa 43, aliagiza mtoto apewe chakula. Ni nani aliyeupika uji ule kama si mama yake?

Huko Uingereza mwaka 2020 ilitokea kwamba watu walikufa hospitalini bila jamaa hata mmoja kando yao, na mmojawapo alikuwa mvulana wa miaka 13 huko London, mwishoni mwa Machi. Nchi nzima ilihuzunika. Tarehe 15 Aprili Waziri wa Afya wa huko, Matt Hancock, alitangaza kwamba jamaa wa karibu wapewe nafasi ya kuaga kila inapowezekana. Nchi yenye mashine nyingi na manesi wengi kuliko sisi ilijifunza kwa machozi kwamba mama si mgeni.

Kwa hiyo, mlango ukifungwa, familia isiende langoni kudai kwamba wote waingie. Iende na jina moja. Mkutane nyumbani siku ile ile, mchague anayeuguza: mwenye afya, asiye mzee sana, asiye na sukari wala presha ikiwa ugonjwa ni wa namna ya korona, aliyechanjwa kama chanjo ipo, na aliye tayari kukaa bila kwenda huku na huku. Mara nyingi sisi humchagua binti mkubwa bila kufikiri, kwa sababu ndiye anayekubali. Pengine ana mtoto anayenyonya. Mwacheni, achaguliwe kaka yake. Mikono ya mwanamume nayo yaweza kushika bakuli. Kisha mwambieni nesi kwa heshima: "Dada, huyu ndiye mwuguzaji wetu. Mfundisheni kuvaa barakoa na kunawa, naye atawasaidia." Katika kambi za kipindupindu huwa ni jambo la kawaida mgonjwa kuruhusiwa mwuguzaji mmoja. Ombi hilo basi si geni kwa waganga, na likiletwa kwa upole na mapema husikilizwa kuliko kelele za watu kumi. Likikataliwa, na pengine litakataliwa kwa sababu ya haki, bado kuna kazi.

Mlinzi asipewe kitu chochote ili afungue. Kuna wanaoona hilo kuwa upendo. Lakini aliyeingia kwa noti mfukoni ameingia juu ya migongo ya wale waliotii wakabaki nje, na akitoka na ugonjwa anaupandisha kwenye daladala ya Njiro.

SAA NGAPI?

Katika Yohana sura ya 4 twamkuta diwani mmoja. Si diwani wa kata kama wetu. Ni mtumishi wa mfalme. Mwanawe hawezi, yuko Kapernaumu, naye baba amepanda mpaka Kana, mwendo wa kilometa ishirini na zaidi, kumwomba Bwana ashuke naye. Bwana hakushuka. Alimpa neno tu, na yule baba akaenda zake na neno hilo.

Hii ndiyo habari ya mtu aliye mbali na kitanda cha mwanawe. Tuangalie mambo madogo yaliyomo. Watumishi wake hawakumngoja afike nyumbani. Walitoka wakamlaki njiani, kwa sababu walijua baba anatembea na moyo wake mkononi. Naye alipowaona aliuliza saa: mtoto alianza kupata nafuu saa ngapi? Wakamjibu kwa saa kamili. Aliyewahi kubaki nje ya lango ataelewa swali hilo mara moja. "Anaendelea vizuri" haimtoshi. Anataka kujua: amekula? Amekula nini? Alilala saa ngapi? Aliniuliza mimi?

Basi katika kila familia awepo mtu mmoja wa habari. Huyu ndiye anayezungumza na daktari, kila siku kwa saa ile ile, kisha anawapasha wengine. Watu wanane wakimpigia nesi simu moja baada ya nyingine, wanamwondoa kitandani kwa mgonjwa wao wenyewe. Mtu wa habari aandike kwenye daftari, kwa kuwa katika hofu kumbukumbu hupotea: jina la dawa, kipimo kilichofanywa, jibu lililotolewa. Aulize pia mgonjwa anahitaji nini. Na hospitali kwa upande wake, twawasihi Wakristo wenzetu wanaofanya kazi humo, iwe na mtu wa kuwalaki hawa njiani kama watumishi wa diwani. Dakika tano za nesi mmoja langoni saa kumi jioni zaweza kuondoa uvumi wa mtaa mzima.

Na kikapu kisiende kimya. Kipande cha karatasi chini ya hotipoti chaweza kubeba mengi: mjukuu amechora ng'ombe, mama mkwe amefika salama kutoka Moshi, mvua imenyesha, mahindi yameota, wote tumesali saa tatu usiku na kesho tutasali saa hiyo hiyo. Saa ya sala ikijulikana, mgonjwa husali nanyi. Mwenye simu apelekewe sauti za watoto. Asiyeweza kushika simu, mwuguzi aombwe kuiweka sikioni mwake, hata kama mgonjwa hasemi. Mwenye kuzimia aweza kusikia.

KANISA NALO LANGONI

Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, ambacho ibada zetu nyingi zimetoka humo, kina maelekezo ambayo huenda wengi hawajayaona, katika ibada ya kumshirikisha mgonjwa. Kwa kawaida kinataka wawepo wengine wa kushiriki pamoja na mgonjwa, asile peke yake. Lakini kinasema kwamba wakati wa tauni na maradhi ya kuambukiza, jirani wakishindwa kuingia kwa hofu ya ugonjwa, kasisi aweza kushiriki na mgonjwa peke yake, mgonjwa akiomba. Miaka mitatu baadaye, 1665, tauni kubwa iliiangukia London. Kitabu hicho kinafundisha tena kwamba mgonjwa asiyeweza kupokea Sakramenti kwa sababu ya haki, akitubu kweli na kuamini kwamba Kristo alimfia, na kumshukuru, ameshiriki Mwili na Damu ya Bwana kwa faida ya roho yake, ingawa kinywani hakupokea.

Mafundisho hayo ni chakula kwa aliyelia kwamba baba yake alikufa bila Ushirika Mtakatifu. Kanisa lilikwisha kumfikiria baba huyo zaidi ya miaka mia tatu kabla hajaugua.

Aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury wakati wa korona, Justin Welby, alikwenda kusali na wagonjwa katika hospitali ya St Thomas', iliyo karibu na makao yake, akiwa amevaa mavazi ya kujikinga. Mfano huo si wa maaskofu peke yao. Kasisi mmoja, au msomaji mmoja aliyefundishwa kujikinga, akiingia kwa ajili ya wote, ametosha. Wengine, akina mama wa Umoja na vijana wa kwaya, wana kazi kwenye nyumba iliyobaki: kuchota maji, kukamua ng'ombe, kuwapeleka watoto shule, kutoa nauli ya yule anayekwenda hospitali mara mbili kwa siku. Mwenye mgonjwa ndani naye ni wa kujuliwa hali. Na ugonjwa wa mtu usitajwe jina madhabahuni bila ruhusa yake. Tunaweza kumwombea bila kumtangaza.

Wako pia waliochagua kumwuguza mtu wao nyumbani wasimpeleke hospitali, kwa hofu kwamba akiingia hatatoka na hatawaona. Hatuwahukumu. Lakini oksijeni haipatikani jikoni, na kujifukiza hakuwezi kuchukua nafasi yake. Mtu anayeshindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi apelekwe saa hiyo hiyo. Familia inayojua kwamba itaruhusiwa mtu mmoja, au angalau itapata habari kila jioni, haitachelewa kumpeleka. Hiyo ndiyo sababu tumesisitiza sana mambo haya madogo ya langoni: wengine hupona au hufa kwa ajili yake.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba hali ya dharura ya korona imekwisha. Lakini hata kabla ya siku hiyo, tarehe 21 Machi 2023, ugonjwa wa Marburg, ndugu yake Ebola, ulikuwa umetangazwa mkoani Kagera. Watu tisa waliugua na sita wakafa, mtumishi wa afya akiwa mmoja wao. Ukarudi mkoani humo, wilaya ya Biharamulo, ukatangazwa tarehe 20 Januari 2025, na kabla haujatangazwa kwisha tarehe 13 Machi watu kumi walikuwa wamekufa. Marburg huambukiza kwa kugusa, kama ule wa Kikwit, na wa kwanza kuguswa ni anayeuguza.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi:

Katika Hesabu 12, ni gharama gani Waisraeli walilipa kwa kumngoja Miriamu? Familia yako ingesimamisha nini?

Mkiambiwa leo kwamba aingie mmoja tu, ni nani katika nyumba yenu angeingia, na kwa nini huyo? Je, yeye mwenyewe mmemwuliza?

Yupo katika kikundi aliyebaki nje ya mlango mwaka 2020 au 2021? Akipenda kusema, mpeni nafasi, wala msimjibu haraka.

Katika mtaa wetu wako wapangaji na wazee wanaoishi peke yao, ambao wakilazwa hawana wa kuwapelekea uji. Waandikeni majina. Nani atakuwa mwuguzaji wa kila mmoja?